Mama aamue mwenyewe: maneno juu ya mimba za wamama wakubwa

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Lubunga. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na kwa marafiki wanaotusaidia kutoka mbali. Wamama tunaowataja walikubali habari zao zisemwe. Majina yao na avenye zao tumeviacha.



Komite ilituomba tuseme juu ya jambo ambalo watu hulisemea pembeni tu, pale kwenye bomba la maji ao nyuma ya kanisa. Sisi tunaosimama hapa hatujafika miaka 40. Kwa umri sisi ni watoto wenu, na mtoto kusema juu ya mimba mbele ya mama yake si jambo jepesi. Kwa hiyo tunaomba ruhusa kwanza. Hatukuja kufundisha wamama namna ya kuzaa, hayo munayajua kutushinda. Tumekuja kusema yale tuliyoyaona katika kazi yetu ya kupita nyumba kwa nyumba, na kuleta ombi moja ambalo mutalipigia kura leo.

Jambo lenyewe ni hili. Kati ya wamama waliorudi wako wenye miaka 40, 43, hata 46, ambao walijikuta na mimba wakati hawakuwaza tena kuzaa. Wengi wao ni makoko tayari, wana wajukuu. Na swali linalowaamsha usiku ni moja: huyu mtoto nimlee mimi, ao nimpe mtu mwingine amlee?

Wamama hawa ni nani

Tuhesabu pamoja. Mama mwenye miaka 44 leo alikuwa msichana wa miaka kumi na minane ao kumi na tisa wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, toka tarehe 5 mpaka 10 Juni 2000. Wengi wa rika lile walibeba mimba ya kwanza katika miaka ile ya vita. Walizaa, walilea, walioza mabinti. Halafu 2023, machafuko kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola yakawakuta hapa Lubunga na kwenye barabara ya Ubundu. Wakavuka mto na vitu kichwani, wakalala kwenye kambi na kwenye nyumba za jamaa. Sasa wamerudi. Wengine wamekuta nyumba imechomwa, wengine wamekuta shamba limekuwa msitu. Na katika kule kuhama na kurudi, mimba ya mwisho ikaingia.

Iliingiaje? Hakuna njia moja. Wako waliotengana na mume mwaka mzima, wakakutana tena. Wako wajane ambao kule kambini mwanaume mmoja aliwasaidia kwa unga na maturubai, halafu akaenda zake. Wako waliotendewa kwa nguvu. Sisi hatuulizi zaidi ya kile mama mwenyewe anataka kusema. Kwa yule aliyetendewa kwa nguvu tunasema neno moja tu, mulipeleke kwa mabinti zenu pia: saa 72 za kwanza ndizo za kukimbilia kituo cha afya, maana dawa ya kuzuia ukimwi haingoji zaidi ya hapo.

Na wako wengi waliodhani wamemaliza. Damu ilikuwa inakuja mwezi huu, mwezi ujao haiji, wakasema: ni umri. Mama mmoja alikunywa dawa ya minyoo miezi miwili kwa sababu ya tumbo kujaa, kumbe ni mtoto. Waganga huhesabu kwamba hedhi imekoma kabisa pale tu miezi 12 imepita bila damu hata mara moja. Kabla ya hapo mimba inawezekana. Tena njia za kupanga uzazi hazijawafikia wengi: katika uchunguzi mkubwa wa afya wa nchi yetu wa 2013-2014, kati ya wanawake 100 wenye waume, waliokuwa wanatumia njia za kisasa ni 8 tu hivi. Kwa hiyo musiseme, "Mutu mukubwa kama yule, alikosa akili?" Hakukosa akili. Alikosa habari, ao alikosa dawa, ao alikosa nafasi ya kukataa.

Mwili kwanza

Kabla ya swali la kulea, kuna swali la mama kubaki hai. Uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba katika nchi yetu, kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa, wamama 846 hufa kwa sababu ya mimba ao uzazi. Na mimba ya baada ya miaka 40 ina hatari zaidi: presha kupanda, sukari, kutoka damu nyingi, kuzaa kwa operesheni. Kwa hiyo asingoje mwezi wa saba ndipo aanze kupimwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linaomba mama mjamzito aonane na watu wa afya angalau mara 8. Asipoweza mara 8, aanze mapema na asikose presha kupimwa.

Sisi wa ng'ambo ya kushoto tuna jambo lingine la kuwaza. Mimba ikionekana ina hatari, mwezi wa tisa si wa kulala mbali na kuanza kutafuta mtumbwi saa nane ya usiku. Mama na jamaa wapange mapema: atazalia wapi, nani atamsindikiza, toleka ipi itamfikisha kwenye kivuko, na ng'ambo atalala kwa nani.

Watu pia husema, "Mtoto wa uzeeni huzaliwa ameharibika." Neno hili limewatisha wamama wengi, na limewafanya wengine watake kumtoa mtoto hata kabla hawajamwona sura. Ukweli ni huu. Ule ugonjwa wa kuzaliwa ambao waganga huuita wa Down huongezeka na umri wa mama: kwa mama wa miaka 40 ni kama mtoto 1 kwa 100, kwa mama wa miaka 45 ni kama 1 kwa 30. Si kidogo. Lakini hesabu hiyo hiyo inasema kwamba kwa mama wa miaka 40, watoto 99 kati ya 100 hawana ugonjwa huo. Na yule mmoja naye ni mtoto, anahitaji mtu.

Njia ya kwanza: kulea mwenyewe

Wengi wa wamama tunaowatembelea wanachagua hii. Mama mmoja wa miaka 44 alituambia: "Mimi niko na bajukuu babili, nitaanza tena kufula nguo za mtoto?" Alisema hivyo mwezi wa tano wa mimba. Alipozaa, binti yake naye alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Leo wananyonyesha kwenye kitanda kimoja, mmoja akienda sokoni kuuza kwanga, mwingine anabaki na watoto wote wawili. Haya yamewezekana kwa sababu binti yuko karibu na hana aibu na mama yake.

Lakini tusidanganyane. Mama akizaa na miaka 45, mtoto atakapokuwa na miaka 15 yeye atakuwa na 60. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, ila sekondari inalipwa. Mgongo uliobeba magunia ya mkaa miaka ishirini hauna nguvu ile ya kwanza. Kwa hiyo mama anayeamua kulea tunamwuliza: ukiugua, nani atamshika mtoto? Tunamwomba amtaje mtu huyo kwa jina, na tunakwenda kumwuliza mtu huyo mwenyewe kama anakubali. Mama asiseme "Mungu atajua" na kumalizia hapo. Mungu anajua, lakini jirani naye ajue.

Na baba yuko wapi? Sheria yetu haimwachi mama peke yake. Code ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema katika kipengele cha 591 kwamba kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, azaliwe ndani ya ndoa ao nje. Baba akikataa, mama anaweza kumpeleka mbele ya tribinali. Baba akikosekana kabisa, tribinali inaweza kumpa mtoto baba wa kisheria kutoka kwa jamaa ya mama, kwa mfano noko, ao mtu mwingine ambaye mama amemtaja. Tumeona wamama wengi hawajui jambo hili. Wanadhani mtoto bila baba ni mtoto bila jina, na kwa ajili ya hofu hiyo wanataka kumtoa. Mtoto huyo anaweza kupata jina. Hofu hiyo isiamue mahali pa mama.

Njia ya pili: kumpa ndugu

Hii ni desturi yetu, na ni desturi nzuri. Nani kati yetu hakulelewa miaka fulani kwa shangazi, kwa koko, kwa yaya aliyeolewa Mangobo ao Kabondo? Dada asiye na mtoto anampokea mtoto wa ndugu yake, na watu wanashangilia.

Shida inaingia pale ambapo hakuna karatasi. Tumeona mambo matatu.

La kwanza: ili kuficha aibu, mtoto wa koko anaandikwa kwa jina la binti, kana kwamba binti ndiye aliyezaa. Siku ya ugomvi neno linatoka, na mtoto anajua kwa watu wa barabarani kwamba yule anayemwita yaya ndiye mama yake. Karatasi ya kuzaliwa iandike ukweli. Kuandikisha mtoto ni bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Zikipita, inabidi kutafuta hukumu ya tribinali, na hapo kunakuwa na gharama na kuzunguka kwingi.

La pili: yule aliyempokea anakufa, na ndugu zake wanamfukuza mtoto nyumbani. Kwa sheria ya urithi, watoto waliozaliwa katika ndoa, wale wa nje ya ndoa waliotambuliwa na mzazi wakati wa uhai wake, na walioasiliwa mbele ya tribinali, wote wako kundi la kwanza. Mtoto aliyelelewa tu, bila karatasi, hayumo, hata kama alimwita marehemu mama kwa miaka ishirini.

La tatu: mtoto anageuka mtumishi. Anaamka wa kwanza, anakula wa mwisho, shule haendi. Mama aliyemzaa anaona, lakini anaogopa kusema kwa sababu alimtoa mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri: kabla mtoto hajahama nyumba, watu wakae, waandike. Ni kwa muda ao ni kwa daima? Nani analipa shule? Mama atamwona siku gani? Shefu wa kartie awe shahidi, na watu wa Divisheni ya Mambo ya Jamii wajulishwe. Na kama ni kwa daima, basi waende mpaka mwisho, yaani njia ya tatu.

Njia ya tatu: adopsio

Adopsio, ao kuasili, ni pale tribinali inapomfanya mtoto awe mtoto wa mtu mwingine mbele ya sheria. Tangu sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, kazi hiyo ni ya Tribinali ya Watoto, na iko hapa Kisangani. Hakuna shefu, mchungaji, muganga wala shirika linaloweza kutoa adopsio. Sisi wenyewe hatuwezi. Tunachoweza ni kumsindikiza mama.

Sheria inataka adopsio iwe na sababu za haki na imletee mtoto faida. Anayemchukua lazima awe mtu mzima, na amzidi mtoto miaka 15. Wazazi lazima wakubali. Kama baba anajulikana kwa sheria, naye anaulizwa.

Na kuna jambo ambalo limewafungua macho wamama wengi tulipowaeleza. Kwa sheria ya Kongo, mtoto aliyeasiliwa anakuwa mtoto wa yule aliyemchukua, lakini hakatwi na ukoo aliozaliwa. Kamba zote mbili zinabaki. Wamama walikuwa wanadhani kusaini ni kumzika mtoto akiwa hai. Sivyo.

Mjane mmoja wa miaka 42 alichagua njia hii. Mdogo wake, ng'ambo ya pili, aliolewa miaka mingi bila kupata mtoto. Walizungumza, walikwenda tribinali, walirudi, walikwenda tena, maana mafaili yanakawia. Leo mtoto ana mama wawili. Jumapili, mara mbili kwa mwezi, mjane huyu anavuka mto kumwona. Tulimwuliza kama anajuta. Akajibu: "Sijuti. Lakini maziwa yalitoka wiki tatu, na hakuna mtu aliniambia kama yatatoka." Tunawaomba mukumbuke jibu hilo. Mama anayempa mtoto kwa mikono mizuri naye ni mzazi aliyetoka kuzaa. Anahitaji uji, anahitaji kupumzika, anahitaji mtu wa kukaa naye. Asirudishwe shambani siku ya pili kana kwamba hakuzaa.

Neno la kuonya. Wako watu wanaopita kusema kwamba kuna familia ya Ulaya ao Marekani inatafuta mtoto, na mama atapata pesa. Tarehe 25 Septemba 2013 serikali yetu ilisimamisha ruhusa za kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, kwa sababu ya mashaka juu ya njia zilizotumika. Na kumtoa mtoto kwa pesa haiitwi adopsio, inaitwa kuuza mtoto. Sheria ya 2009 inatoa kwa kosa hilo kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Anayekuja na bahasha, mutuite, ao muite shefu wa kartie.

Na kumwacha mtoto mlangoni pa kanisa ao pa hospitali usiku si njia ya nne. Mtoto anayeokotwa hana jina la mama, hana habari ya ukoo, na mama anabaki na siri ambayo itamla. Mama aliyefika hapo tunamwambia: njoo mchana, na uso wako. Hakuna atakayekufokea.

Nani anaamua?

Hapa ndipo tunafika kwenye kiini cha maneno yetu.

Mwaka huu tulimtembelea mama wa miaka 46. Wanawe wakubwa watatu walikuwa wamekaa mbele, wakatuambia: "Sisi tumeshaamua. Mtoto ataenda kwa jamaa ya Banalia. Mama ni mzee, na watu wanatucheka." Mama alikuwa pale pale, kwenye kiti cha nyuma, anachambua sombe. Hakuna aliyemwangalia. Tuliwashukuru vijana kwa kumwazia mama yao, maana kweli walimwazia. Halafu tuliomba kubaki na mama peke yake. Alikaa kimya muda mrefu. Mwishoni akasema: "Mimi sijaulizwa."

Mtoto huyo leo ana wiki tano. Mama bado hajaamua. Asubuhi moja anasema atamlea, jioni anasema atampa binti yake wa pili. Sisi hatumsukumi. Wanawe wanakuja kila wiki kutuuliza, "Bado?" Tunawajibu: bado.

Kwa nini tunamwacha achelewe? Kwa sababu mama anayeamua akiwa na mimba anaamua juu ya aibu, na deni, na mwanaume aliyekimbia. Mtoto mwenyewe hajamwona. Mkataba wa The Hague wa 1993 juu ya adopsio kati ya nchi na nchi uliandika kwamba ruhusa ya mama itolewe baada ya mtoto kuzaliwa tu, si kabla. Nasi tumechukua desturi hiyo katika kazi yetu: kabla ya kuzaa tunazungumza, tunaeleza, tunatafuta watu, lakini hakuna kusaini. Baada ya kuzaa tunangoja angalau wiki sita. Kama mama anahitaji zaidi, tunangoja zaidi.

Tunajua watu watasema: mtoto ni wa ukoo, si wa mama peke yake. Ndiyo, na ukoo una kazi yake. Ukoo useme unaweza kutoa nini: chumba, maziwa, ada ya shule, mikono ya kubeba. Ukishasema unatoa nini, mama atajua anaamua juu ya nini. Lakini ukoo unaosema tu "mtoe" ao "mlee" bila kutoa hata sabuni, huo umemwachia mama mzigo na kumnyang'anya neno.

Kwa wazee wanaume tunasema kwa heshima: mume wa miaka 55 akipata mtoto, watu humpongeza, wanasema bado ana nguvu. Mke wa miaka 45 akipata mtoto yule yule, watu humcheka. Mtoto ni mmoja. Basi pongezi ao kicheko, wagawane sawa.

Ombi letu kwa wanachama

Sasa ile kura. Katika kanuni za chama chetu, mchango wa kuzaa hutolewa kwa mwanachama anayeleta jina na saini ya mume. Tunajua kanuni hiyo iliwekwa ili pesa ya mfuko isipotee. Lakini angalieni inachofanya. Mjane hapati. Mama ambaye mume hajarudi hapati. Aliyetendewa kwa nguvu hapati. Na mama akikosa mchango huo, anakosa pesa ya kujifungua, anakosa nguo ya mtoto, anakosa kula katika zile wiki ambazo anapaswa kuwaza vizuri. Hapo mfuko wetu, uliowekwa kusaidia, ndio unaomsukuma kumtoa mtoto. Njaa inakuwa imeamua.

Tunaomba mambo matatu.

Kwanza, mchango wa kuzaa utolewe kwa kila mwanachama aliyezaa, kwa karatasi ya kituo cha afya, bila kuuliza saini ya mume. Na utolewe hata kama mtoto atalelewa na mwingine, maana aliyezaa amezaa.

Pili, komite ichague wamama watatu wanaojua kutunza siri, ambao mama yeyote mwenye mimba ya namna hii anaweza kuwaendea. Hawa watatu wasikilize, wasiamue.

Tatu, mtu mmoja wa chama afuatilie uandikishaji wa watoto wote kwenye komini kabla siku 90 hazijaisha. Kazi hii haihitaji pesa nyingi. Inahitaji daftari, miguu, na mtu asiyechoka kurudi kwenye guishe.

Neno kwa marafiki wanaochangia

Mara nyingi munatuuliza kama tunahitaji nyumba ya kulelea watoto wasio na wazazi. Tunashukuru kwa moyo huo. Lakini watoto tunaowasema hapa wana mama, na mama yuko hai, anaishi avenye fulani, ana jina. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa juu ya malezi ya watoto, uliopitishwa Desemba 2009, unasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na wazazi wake. Kabla ya kujenga nyumba ya watoto, tusaidieni kumweka mama katika hali ya kuchagua: gharama ya kujifungua, chakula cha miezi mitatu ya kwanza, nauli ya kuvuka mto kwenda tribinali na kurudi, mtaji mdogo wa kuanza tena sokoni. Mama akishakuwa na vitu hivyo, na bado akasema, "Nataka mdogo wangu amlee," hapo tutajua kwamba ni yeye anayesema.

Na musituulize mwisho wa mwaka ni watoto wangapi tumewapatia familia mpya. Namba hiyo ikiwa kubwa, haimaanishi kwamba tumefanya kazi vizuri. Mutuulize ni wamama wangapi waliulizwa wanataka nini, na ni watoto wangapi wana karatasi ya kuzaliwa yenye ukweli.

Wamama wetu, tumesema mengi mbele yenu, na tunaomba musamehe ulimi wa watoto. Munajua mto huu kutushinda. Munajua kwamba hakuna anayevuka peke yake, lakini pia hakuna anayepakizwa kwenye mtumbwi bila kuulizwa anakwenda wapi. Karatasi za kura ziko kwa katibu. Sasa tunawaachia ninyi neno.